Je, Vidhibiti vya Mwendo Hufaa kwa Kila Aina ya Gemu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wachezaji, wazazi na watu wanaotaka kununua mashine ya gemu huyarudia kila mara kuhusu kucheza kwa kutikisa, kuinamisha au kuelekeza kidhibiti badala ya kubonyeza vitufe. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine pasipo kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Vidhibiti vya mwendo ni nini hasa?

Ni njia ya kuiamuru gemu kwa mwendo wa mkono au wa mwili mzima. Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni vihisi vilivyomo ndani ya kidhibiti, ambacho wengi wetu hukiita pedi, au ndani ya simu. Ya pili ni kuelekeza: rimoti ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ina kamera ndogo ya mwanga wa infraredi kwenye ncha yake, nayo hutazama taa mbili zilizomo katika kile kijiti kinachowekwa juu ya televisheni. Watu wengi hudhani kijiti hicho ndicho kinachohisi, kumbe ni taa tu, na ndiyo maana mishumaa miwili iliyowashwa mahali pake inaweza kufanya kazi ileile. Ya tatu ni kamera inayoutazama mwili wa mchezaji, kama Kinect ya Microsoft iliyotoka mwaka 2010, ambayo haikumtaka mchezaji ashike kitu chochote.

2. Kihisi hujuaje mkono wangu umefanya nini?

Kuna vihisi viwili vinavyofanya kazi hiyo, na tofauti yao ndiyo inayoeleza kwa nini gemu za zamani zilionekana kutosikia. Kipima mchapuko hupima msukumo unaokipata kidhibiti pamoja na uvutano wa dunia, kwa hiyo kidhibiti kikitulia, hujua chini ni wapi. Jairoskopu yenyewe hupima kasi ya kuzunguka.

Weka simu yako kifudifudi mezani, kisha izungushe palepale polepole kama unavyozungusha sahani. Kwa upande wa simu, uvutano haujabadilika hata kidogo, kwa hiyo kipima mchapuko karibu hakioni lolote, ilhali jairoskopu huona kila nyuzi ya mzunguko huo. Rimoti ya Wii ya mwaka 2006 ilikuwa na kipima mchapuko na kamera ya kuelekeza, lakini haikuwa na jairoskopu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2009, kilipotoka kifaa cha nyongeza kiitwacho Wii MotionPlus, ili mkono uliozungushwa uonekane kweli.

Jairoskopu nayo ina kasoro yake: makosa madogo ya upimaji hujilimbikiza, na baada ya muda “mbele” ya gemu huacha kuwa mbele yako. Ndiyo sababu gemu iliyotengenezwa vizuri huwa na kitufe cha kuirudisha shabaha katikati.

3. Je, teknolojia hii ilianza na Wii?

Hapana. Glavu ya Power Glove, iliyouzwa kwa ajili ya mashine ya NES, ilitoka mwaka 1989, na mwaka 2000 Nintendo ilitoa gemu ya Kirby ya Game Boy Color ambayo katriji yake ilikuwa na kihisi cha mwinamo. Wii ndiyo iliyoiingiza teknolojia hii majumbani, kwa kuuzwa zaidi ya mashine milioni 100.

4. Kwa jibu la mkato, hufaa kwa kila gemu?

Hapana, na aina ya gemu peke yake haitoshi kukuambia. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kama gemu inasoma *kiasi* na *upande* wa mwendo wako, au inasoma tu kwamba kuna mwendo uliotokea.

Kitufe husema ndiyo au hapana, na hulisema hilo upesi kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Mkono husema “kiasi gani” na “kuelekea wapi”. Gemu inayohitaji “kiasi gani” hunufaika na mwendo. Gemu inayohitaji “ndiyo, sasa hivi” huharibika, kwa sababu mtikiso una mwanzo, katikati na mwisho, na mashine lazima isubiri sehemu ya mtikiso huo ipite kabla ya kuamini kwamba umekusudia. Kutikisa kidhibiti mahali ambapo kubonyeza kungetosha ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia ya jambo hili, na majibu mengi yanayofuata yanarudi hapo.

## Gemu kwa aina zake

5. Kwa nini gemu za michezo kama boliti (bowling, yaani kuviringisha tufe ili kuangusha pini) na tenisi zilifanikiwa hivyo?

Kwa sababu watu walikuwa wanaujua mwendo wake kabla hawajaijua gemu. Katika boliti ya Wii Sports unashikilia kifyatulio (kitufe cha chini ya rimoti), unarudisha mkono nyuma, unauleta mbele, na unaachia kifyatulio pale ambapo vidole vyako vingeliachia tufe. Ukikunja kifundo cha mkono, tufe linapinda. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika pedi maishani mwake, alihitaji kuelezwa jambo moja tu, yaani lini aachie kifyatulio, na kwa mpira wa tatu alikuwa anacheza sawasawa na watoto wa nyumba.

Tenisi ya humohumo ni hadithi nyingine. Mchezaji wa kwenye skrini hukimbia mwenyewe; kazi yako ni kupiga kwa wakati, na upande wa mpira hutegemea zaidi kama umewahi au umechelewa. Ndiyo maana anayekaa kwenye kochi na kupiga kwa kifundo cha mkono tu anaweza kumshinda anayeruka huku na huku. Naitaja tofauti hii kwa sababu gemu zote mbili husifiwa pamoja, ilhali moja inausoma mkono wako na nyingine inasoma saa.

6. Je, husaidia katika gemu za kulenga na kufyatua risasi?

Ndiyo, na kwa maoni yangu hapa ndipo vidhibiti vya mwendo vilipopata makao ya kudumu, ingawa havitangazwi sana.

Kijiti cha pedi hakisogezi shabaha; huamuru shabaha isogee kwa kasi fulani, nawe inakubidi ukiachie kwa wakati ili isimame palipo na adui. Jairoskopu, kinyume chake, huisogeza shabaha kwa kiasi kilekile mkono wako ulichosogea, kama kipanya cha kompyuta kinavyofanya. Wachezaji wazoefu huvitumia vyote viwili kwa pamoja: kidole gumba hugeuza mwili kwa mizunguko mikubwa, kisha viganja humalizia zile nyuzi mbili tatu za mwisho.

Toleo la Wii la Resident Evil 4, la mwaka 2007, lilionyesha mapema jinsi kuelekeza kunavyoweza kuipa uhai mpya gemu iliyotungwa kwa vijiti. Splatoon ya mwaka 2015 iliifanya jairoskopu kuwa njia yake ya kawaida, huku ikimruhusu asiyeitaka aizime. Katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, mshale wa upinde hulengwa kwa kijiti kwanza, kisha kwa mwinamo mdogo usioonekana hata na aliyekaa jirani yako. Hakuna aliyetokwa na jasho, na shabaha imekuwa bora.

7. Na mbio za magari?

Hufaa kwa starehe kuliko kwa ushindani. Kuinamisha kidhibiti kunaeleweka na mtu yeyote, na Mario Kart Wii ya mwaka 2008 iliuzwa pamoja na usukani wa plastiki ambao haukuwa na kihisi chochote. Ulikuwa ganda la kuishikilia rimoti tu. Shida ni kwamba usukani ulioning'inia hewani haukusukumi urudi katikati. Kijiti kina springi, usukani wa gari halisi una uzito wa magurudumu, lakini mikono mitupu haijui katikati ni wapi mpaka macho yaiambie. Hata hivyo Gran Turismo 7 bado inatoa nafasi ya kuendesha kwa kuinamisha kidhibiti cha PlayStation, nami naona ni vyema ipo kwa anayeipenda.

8. Gemu za mapigano ya ana kwa ana je?

Kwa kawaida hapana. Gemu hizi huenda kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, na pigo linaloweza kujibiwa ndani ya fremu tatu linakupa milisekunde 50 tu, muda ambao mtikiso haujamaliza kujieleza. Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 ilitoka kwenye Wii yenyewe, na bado watengenezaji wake walitoa njia nne za vidhibiti, ikiwemo pedi ya zamani ya GameCube, bila kuujenga mchezo juu ya mtikiso.

ARMS ya mwaka 2017 ilikwepa tatizo hili kwa kutunga mapigano yanayolingana na mwendo: ngumi hurefuka polepole kama springi, na unaweza kuipinda njiani kwa kukunja mkono. Hata hiyo iliwaachia vitufe wanaovitaka.

9. Gemu za kukimbia na kuruka majukwaa?

Donkey Kong Country Returns ya mwaka 2010 ndiyo mfano wangu wa kila siku. Ukitikisa rimoti huku unatembea, sokwe anabingirika; ukitikisa umesimama, anapiga ardhi kwa mikono; ukitikisa umechuchumaa, anapuliza. Mtikiso ni uleule mmoja, maana ni tatu, na tofauti ni hali ya kijiti katika nukta hiyohiyo. Mchezaji akikusudia kubingirika ili aruke shimo, kisha kijiti kikawa kimetulia kidogo tu, sokwe husimama na kupiga ardhi huku jukwaa likiporomoka. Toleo la Nintendo 3DS la mwaka 2013 lilivipa vitendo hivyo vitufe.

Super Mario Galaxy ya mwaka 2007 nayo ilitumia mtikiso, lakini kwa jambo moja tu, yaani kuzunguka, na halikuhitaji usahihi mkubwa. Ndiyo maana watu hawakulalamika sana.

10. Nilisikia gemu za Zelda zilijaribu upanga wa mwendo. Matokeo yalikuwaje?

Yalikuwa mawili, na yanafundisha. Katika Twilight Princess ya Wii, mwaka 2006, mtikiso wowote ulikuwa pigo la upanga. Gemu hiyohiyo kwenye GameCube ilitumia kitufe, na mchezaji hakupoteza chochote.

Skyward Sword ya mwaka 2011 ilidai Wii MotionPlus, na upanga ulifuata pembe ya mkono wako. Mmea wenye mdomo uliofunguka kwa mlalo ulipaswa kukatwa kwa mlalo. Uliofunguka kwa wima, kwa wima. Adui aliyekinga kushoto alikutaka upige kutoka kulia. Mwendo umekuwa ndilo fumbo lenyewe, na ukiuondoa, gemu inabaki na pengo. Lakini wengine walichoka, na wengine walisumbuliwa na upotevu wa shabaha ulioelezwa katika swali la 2. Ilipotolewa upya kwa mashine ya Nintendo Switch mwezi Julai 2021, iliongezewa njia ya kuelekeza upanga kwa kijiti cha kulia. Kilichofanya hilo liwezekane ni kwamba kijiti nacho hueleza upande. Kitufe kimoja kisingeweza.

11. Kwa nini gemu za mpira wa miguu hazitumii mwendo?

Kwa sababu unaongoza watu 11 na si mguu mmoja. Katika kila sekunde unaamua nani akimbie, nani apewe pasi na nani akabe, na mwili mmoja hauwezi kusema yote hayo. Kinect Sports ya mwaka 2010 iliweka mpira wa miguu kwa kuukatakata: wachezaji walikwenda wenyewe, nawe ulipiga teke hewani kuelekea wa kupasiwa. Ni furaha ya nusu saa, lakini mtu aliyezoea kucheza mechi kwenye vibanda vya gemu vya mtaani asingeitambua kama mpira.

Jaribio ninaloliheshimu ni Pro Evolution Soccer 2008 ya Wii. Badala ya teke, ilitumia kuelekeza: uliinyooshea rimoti sehemu ya uwanja na kumvuta mchezaji akimbilie hapo, hata asipokuwa na mpira. Mkono ulikuwa wa kocha badala ya kujifanya mguu, na hilo lilieleweka.

12. Na dansi, mazoezi na uhalisia pepe (VR)?

Hapo mwendo ndiyo gemu yenyewe, kwa hiyo swali la kufaa halipo. Just Dance iliendelea kutolewa kwa Wii hadi toleo la Just Dance 2020, miaka mingi baada ya mashine hiyo kupitwa. Beat Saber hukusimamisha mahali pamoja ukikata visanduku kwa mikono miwili, na kwa kuwa macho na miguu vinakubaliana kwamba umesimama, watu wachache hupata kichefuchefu kuliko katika gemu za kutembea ndani ya uhalisia pepe.

13. Gemu za mikakati na za kusoma maandishi mengi?

Vitufe, kipanya au kugusa skrini. Sijaona sababu ya kuongeza mwendo.

## Kwenye simu

14. Nachezea simu tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki simu ndiyo mashine ya gemu ya watu wengi. PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile zote zina mpangilio wa jairoskopu. Katika PUBG Mobile unaweza kuiwasha wakati wote au pale tu unapochungulia kwenye darubini ya bunduki, na kwa anayeanza napendekeza hilo la pili. Bunduki ikipanda kwa mrejesho wa risasi, unaiinamisha simu mbele kidogo kuishusha, na kidole gumba kinabaki huru kwa kazi nyingine. Siku za kwanza utahisi umezidi kuwa mbaya. Punguza unyeti, cheza uwanja wa mazoezi, na ujipe wiki nzima ya kulizoea jambo hili.

15. Nimeiwasha lakini hakuna kinachotokea. Kwa nini?

Huenda simu yako haina jairoskopu. Simu nyingi za bei nafuu zina kipima mchapuko peke yake, ambacho kinatosha kugeuza skrini na kuinamisha gari, lakini hakitoshi kulenga (tazama swali la 2). Kabla ya kununua simu kwa ajili ya gemu, muulize muuzaji au soma orodha ya vihisi vyake.

16. Kwa nini shabaha hukimbia nikicheza ndani ya daladala au matatu?

Kwa sababu kihisi hakijui tofauti ya mkono na gari. Gari likikata kona, simu nayo imezunguka, na gemu inaamini umeizungusha wewe. Zima jairoskopu ukiwa safarini.

## Mwili na chumba

17. Ninahitaji nafasi kiasi gani?

Kwa kulenga kwa viganja, hakuna nafasi ya ziada inayohitajika. Kwa Kinect, Microsoft ilipendekeza takriban mita 1.8 kutoka kwenye kihisi kwa mchezaji mmoja na mita 2.4 kwa wawili, jambo ambalo sebule nyingi zenye meza katikati haziwezi. Mwanga mkali wa jua unaoingia dirishani huvuruga pia vifaa vinavyotegemea infraredi, kwa hiyo vuta pazia.

Ufungaji wa mkanda wa mkononi si urembo. Mwezi Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kubadilisha mikanda milioni 3.2 ya rimoti za Wii kwa mipya yenye uzi mnene zaidi, baada ya ile ya awali kukatika mikononi mwa wachezaji.

18. Je, mtu anaweza kuumia?

Ndiyo, kama ilivyo kwa mchezo wowote wa mwili unaochezwa bila kupasha misuli. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya daktari aliyeamka na maumivu ya bega baada ya saa kadhaa za tenisi ya Wii. Pumzika kila baada ya nusu saa, hasa watoto, ambao hawajui kujipima.

19. Natumia mkono wa kushoto. Nitapata shida?

Inategemea gemu. Wii Sports ilikuruhusu kuchagua mkono. Twilight Princess ilifanya jambo la ajabu: shujaa Link alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwa kuwa wachezaji wengi wangepunga kwa mkono wa kulia, toleo la Wii liligeuza dunia nzima ya gemu kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi. Waliogeuza dunia kwa ajili ya wengi wangeweza pia kumpa yule mmoja chaguo.

## Hali za pekee

20. Mchezaji mwenye ulemavu afanyeje?

Hili linaenda pande mbili, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kusisitiza chaguo. Anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kuinua mkono hufungiwa nje kabisa na gemu inayolazimisha kusimama au kupunga. Lakini mwenye vidole visivyo na nguvu anaweza kuona kulenga kwa mwinamo ni rahisi kuliko kusukuma kijiti kidogo. Usimwamulie, mwachie ajaribu vyote.

21. Gemu niliyonunua inanilazimisha kutumia mwendo. Kuna namna ya kukwepa?

Anza na mipangilio, kisha angalia masasisho. Lair, gemu ya mazimwi ya PlayStation 3 ya mwaka 2007, ilimlazimisha mchezaji kuruka kwa kuinamisha kidhibiti, ikakosolewa vikali, na mwaka 2008 ikapata sasisho la kutumia kijiti. Wakati mwingine ni namna ya kushika mashine: Pokémon: Let's Go ya mwaka 2018 hukutaka urushe mpira kwa mkono ukichezea televisheni, lakini ukiishika Switch yenyewe mikononi, unalenga kisha unabonyeza kitufe. Kwenye kompyuta, Steam inakuruhusu kupanga upya jairoskopu ya vidhibiti vingi, ikiwemo DualSense ya PlayStation 5. Kumbuka tu kwamba pedi za Xbox hazina jairoskopu.

22. Kinect ilivuma sana. Mbona imekufa?

Iliuzwa milioni 8 katika siku 60 za kwanza, na uzalishaji wake ukasimamishwa mwaka 2017. Kutokuwa na kitufe hata kimoja ndiko kulikoikwamisha: chumba kina ukuta, kwa hiyo huwezi kutembea ndani ya dunia ya gemu, na bila kijiti hakuna namna nyingine nzuri ya kumwambia shujaa aende. Dance Central, gemu ya dansi, haikuhitaji kutembea, ikang'aa. Steel Battalion: Heavy Armor ya mwaka 2012 ilimtaka mchezaji atumie pedi na, pamoja nayo, ishara za mikono hewani kushughulikia vyombo vya ndani ya kifaru chake, na kamera ilizichanganya ishara hizo katikati ya vita. Xbox One ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2013 pamoja na Kinect kwa dola 499. Mwezi Juni 2014 ikauzwa bila Kinect kwa dola 399, na tangu hapo hakuna mtengenezaji aliyeweza kutegemea kwamba mchezaji wake anayo.

23. Natengeneza gemu yangu ya kwanza. Nitajuaje kama niweke mwendo?

Tengeneza kitendo kimoja kwa njia mbili, kitufe na mwendo, na umpe mtu ambaye hajaiona gemu yako. Usimweleze. Mtazame mikono, usiitazame skrini. Akianza na mwendo mpana na baada ya dakika kumi akabaki anatikisa kiganja kidogo ili tu gemu ikubali, amekwisha kukujibu: hicho kilikuwa kitufe. Akiendelea kurekebisha mkono, mara zaidi, mara pungufu, akitafuta kipimo, endelea na mwendo, na usisahau kumwekea kitufe cha kurudisha shabaha katikati mahali ambapo kidole chake kinafika bila kutafuta.